Kiti Kilichopimwa kwa Kinyunga

"Shangazi, mbona baiskeli yako ina kiti na wewe huwa unasimama tu?"

Nilimuuliza hivyo mezani, nikiwa bado chekechea, mdomo umejaa mkate. Kwangu lilikuwa swali la kawaida, kama kuuliza kwa nini paka ana mkia. Kila asubuhi nilikimbilia dirisha la chumba changu nikisikia kengele yake, na kila nilipomwona alikuwa amesimama juu ya pedali, kreti za mikate nyuma kwenye keria, shingo ameirefusha kama mtu anayemtafuta mwenzake kwenye umati. Sikuwahi kumwona amekaa. Alikuwa akirudi mchana, mimi nipo shuleni, kwa hiyo ushahidi wangu wote ulitoka dirishani.

Shangazi alinitazama, akakitazama kikombe changu, akasema, "Kunywa chai, Utosi, inapoa."

Utosi ni jina alilonibandika yeye. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, na sikujua limetoka wapi. Nilidhani labda nina kichwa kikubwa, nikawa najipima kofia za baba kwa siri mbele ya kioo. Zote zilinifunika mpaka puani, nikatulia.

Lakini niwaeleze kwanza shangazi ni nani. Ni dada mkubwa wa baba. Babu alipofariki aliacha vitu viwili vya maana, tanuri na baiskeli. Shangazi kwa ukubwa wake ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua kwanza, na watu wote wakajua atachukua tanuri, maana tanuri ndiyo bekari yenyewe. Akachukua baiskeli. Baba akabaki na tanuri, na hadi leo mama anasema wifi yake ndiye aliyerithi vizuri, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuunguzwa nyusi na baiskeli. Nyusi za baba huota na kuungua kama majani ya kando ya reli.

Basi baba huoka, shangazi husambaza. Mtaani wanamwita Bi Kengele. Ana namna ya kupiga kengele kwa kila mteja: mlio mfupi kwa fundi cherehani, ambaye hapendi kushtuliwa sindano ikiwa kwenye kitambaa, mlio mrefu kwa mwalimu mstaafu, ambaye masikio yake yalistaafu pamoja naye, na kwa wauguzi waliokesha zamu hospitalini, mlio wa kuchezacheza, ili wajue usiku umekwisha. Mtu akichelewa kufungua, shangazi anaita. Akichelewa tena, anashuka kwenda kuangalia kama yuko mzima.

Turudi mezani. Nilidhani swali langu limekufa pale kwenye chai. Kumbe baba alikuwa ameliokota. Aliacha kutafuna, akamwangalia dada yake kwa makini, jinsi alivyokuwa ameketi.

"Dada, mbona umekalia pembe ya kiti kama mgeni aliyekuja kuposa?"

Mama akacheka. Shangazi hakucheka. Alijaribu kusema ni mazoea, kisha akasema ni uzee, na mwishowe akakubali kwamba kiti cha baiskeli kinamuuma. Kinamuuma tangu zamani, na sasa maumivu hayabaki barabarani, yanamfuata nyumbani mpaka kwenye viti vya watu. Kilikuwa kiti cha ngozi, kigumu, ambacho babu alikikalia maisha yake yote mpaka kikachukua umbo lake. "Kilimzoea baba," alisema shangazi. "Mimi kinaniona mpangaji."

Baba ni mtu wa huruma, na huruma yake huwa na haraka. Pale pale alishapata dawa. Dada yake aingie ndani, akae kaunta, apumzike. Mikate itasambazwa na kijana mmoja wa jirani mwenye pikipiki. Atamaliza mji mzima kabla chai haijachemka.

Shangazi aliweka kikombe chini taratibu. Alisema kaunta ni kazi nzuri kwa anayeitaka. Watu wakija kaunta wanaleta shida moja tu, ya mkate, wanaondoka. Barabarani wanakupa na habari zao. Na huyo kijana, hata awe na adabu namna gani, atamwitaje mwalimu mstaafu na injini inaunguruma vile?

"Pikipiki haina masikio," alisema.

Baba akamjibu kwamba na baiskeli sasa haina mwendo. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma shangazi kuliko kiti. Siku hizo alikuwa akishuka kila mahali penye mlima na kusukuma, na mikate iliyotoka tanurini inafuka moshi ilifika hospitalini imepoa. Wakakubaliana hivi: likizo ya shule ilikuwa imeanza, na watu wengi walikuwa wamesafiri, kazi ndogo. Shangazi atafute kiti anachoweza kukikalia. Akikipata kabla likizo haijaisha, barabara ni yake. Asipokipata, aproni ya kaunta inamngoja kwenye msumari.

Kiti cha kwanza alikinunua baba mwenyewe, maana alijiona na hatia. Sasa, baba yangu hupima kila kitu duniani kwa kidole gumba. Mkate ukitoka tanurini anaubonyeza: ukirudi juu, umeiva. Hubonyeza magodoro hivyo hivyo, na maembe, na zamani alibonyeza mashavu yangu kujua kama nimeshiba. Huko duka la vipuri alibonyeza viti vyote vilivyotundikwa ukutani, muuzaji amemkodolea macho, mpaka akapata kimoja kinene kama keki, ambacho kilibonyea chote na kurudi juu polepole. Alikuja nacho nyumbani amekikumbatia.

Shangazi akazunguka nacho uwanjani. Akatabasamu. Alituambia amekalia wingu.

Kesho yake alirudi anaikokota baiskeli. Alieleza kwamba mpaka kwa fundi cherehani lilikuwa wingu kweli, ila alipofika hospitalini wingu likaanza kunyesha. Alikuwa anadidimia, na sponji likishakandamizwa huku linapanda kule, mahali ambapo halikualikwa. Afadhali kiti cha babu, ambacho angalau kilimuuma waziwazi.

Ndipo yeye na baba wakampelekea shauri fundi baiskeli aliye karibu na bekari yetu, chini ya paa la mabati. Huyu wanamwita Spoku, kwa wembamba wake, na huzungumza midomo imebana nati, hata ukadhani atazimeza. Spoku alikitazama kile kiti kinene, akauliza nani amekichagua na amekichagua vipi. Alipoelezwa, alitoa nati mdomoni ili acheke vizuri.

"Umechagua kwa kidole," alimwambia baba. "Atakayekaa ni kidole?"

Baba alijibu kwamba mkate haujawahi kumsaliti.

Spoku akasema ulaini si hoja. Mtu akikaa, anayembeba ni mifupa miwili ya chini, hiyo ambayo ukikalia jiwe unaisikia. Kiti kizuri kinaipokea mifupa ile miwili, basi; nyama nyingine zote ziachwe zipumzike. Kiti kikiwa chembamba mno, mifupa inakosa pa kutua. Kikiwa kipana mno, mapaja yanasuguana nacho. Kwa hiyo lazima ijulikane kutoka mfupa hadi mfupa ni umbali gani. Mtu hukalia kitu kinachoshika alama, akainuka, akapima kati ya shimo na shimo. Shangazi akauliza, basi si apimwe hapo hapo? Spoku akarudisha nati zake mdomoni haraka. Alisema mambo ya mifupa hiyo wakapimane wenyewe nyumbani, yeye wamletee namba.

Tulijaribu boksi la karatasi ngumu, halikushika kitu. Tukajaribu mchanga wenye maji, ukashika gauni la shangazi. Mama ndiye aliyesimama katikati ya bekari, mikono kiunoni, akauliza: hivi katika nyumba hii ni kitu gani kinachoshika alama kuliko vyote? Jibu nililijua hata mimi, maana nilikuwa nakaripiwa kila siku kwa kukitoboa kwa vidole. Kinyunga. Unga uliokwisha kukandwa, umelala kwenye trei zake kando ya tanuri unasubiri kuwa mkate.

Baba alifukuzwa nje. Mimi niliachwa kwa sababu ya udogo. Mama aliteremsha trei moja kwenye benchi, akatandika kitambaa safi juu yake, akafunga mlango. Shangazi alikaa. Alikaa kwa heshima, mgongo wima, mikono magotini, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Alipoinuka na mama kufunua kitambaa, kinyunga kilikuwa kinatutazama kwa macho mawili.

Tulicheka mpaka mama akakalia gunia la unga. Kila tulipojaribu kunyamaza, tunayaona yale macho, tunaanza upya. Kisha ikatafutwa rula, rula haionekani. Ikatafutwa chini ya meza, ikatafutwa kwenye begi langu. Katikati ya kuitafuta akaja mteja, naye alikuwa na hadithi ndefu ya binamu yake. Akapewa chai, na sisi tukanywa. Rula ilipatikana mwishowe nyuma ya redio. Mama akapima kutoka shimo hadi shimo, akapima tena kuhakikisha, namba ikapelekwa kwa Spoku.

Spoku aliisoma ile namba. Akamtazama shangazi. Akaisoma tena. Halafu, kwa sababu ana adabu zake, hakusema neno. Aliingia ndani kabisa ya kibanda, tukasikia mabati yakianguka, akatoka na kiti kilichowahi kuwa cha baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea maji. Kilikuwa kipana kama stuli ya jikoni.

Shangazi alikiendesha kwa ujasiri. Miguu ilibidi aitanue kama bata anayevuka matope, na mapaja yakachubuka kabla hajafika mlimani. Njia nzima watu walimtania. Fundi cherehani alitoa kichwa dirishani akauliza, "Bi Kengele, leo umetupandia meza?" Alimjibu kwamba ni meza ndiyo, na yeye ndiye chakula kinachoteseka juu yake. Aliendelea kutania hivyo mpaka nyumbani. Akaegesha baiskeli ukutani, akaingia bekari, na sikumsikia tena.

Nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya kaunta peke yake, amevaa ile aproni. Hakuna aliyemwambia aivae. Alikuwa amesimama tu, mikono juu ya kioo, anaitazama mikate iliyopangwa chini yake kama mtu anayezoea kitanda cha ugenini. Huko nje ikapita baiskeli ya mtu mwingine, ikapiga kengele. Shangazi aligeuza kichwa haraka sana, halafu akakirudisha taratibu. Likizo ilikuwa inakwisha. Kijana wa pikipiki alikuwa ameshaambiwa aje Jumatatu.

Jioni ile baba alianza kumlaumu Spoku. Fundi gani huyu, kampa dada yake kiti cha tembo. Mama akamtetea Spoku: namba waliipima wao wenyewe, tena mara mbili. Baba akasema basi namba ni ya uongo. Mama akasema rula haidanganyi. Ndipo baba akauliza, kwa sababu ya ubishi tu, walipimia wapi.

"Kwenye kinyunga," mama alisema.

"Kinyunga kipi?"

"Kile cha trei ya karibu na tanuri."

Baba akaligeukia tanuri. Akauliza shangazi alikaa saa ngapi. Kabla ya chai. Akauliza walipima saa ngapi. Mama alifungua mdomo kusema baada ya chai, akabaki nao wazi.

"Mama we," alisema mama kwa sauti ndogo. "Kina hamira."

Baba alijishika mbavu. Alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akakalia gunia lile lile, machozi yakamtoka mpaka kwenye kidevu. Familia ya waoka mikate, vizazi viwili, wameacha kinyunga chenye hamira kando ya tanuri la moto wakaenda kunywa chai, wakashangaa kukuta mashimo yameachana. "Aliyeumuka si dada yangu," alisema alipopata pumzi. "Ni unga."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye ile pembe yake ya kiti. Kwanza mabega yalianza kumtikisika, kisha aproni, kisha yeye mzima.

Safari ya pili kilikandwa kinyunga kigumu, unga na maji baridi, bila chembe ya hamira, na mama aliishika rula mkononi kabla wifi yake hajakaa. Namba iliyopatikana ilikuwa ya binadamu. Spoku alipoiona alishusha pumzi kama mzazi aliyerudishiwa mtoto. Alisema ile ya kwanza aliishuku, ila mtu na heshima yake, angemwambiaje?

Alichotoa safari hii hakikuwa na sura. Kilikuwa kiti kilichokwisha kutumika, kigumu kiasi, chembamba kuliko vyote tulivyojaribu, kimechanika pembeni, na katikati kina mfereji mrefu kama njia ya maji. Baba alinyoosha kidole gumba. Shangazi akakipiga kofi kile kidole.

Spoku hakukifunga tu akatuacha. Alimwambia shangazi apande, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini, akapandisha bomba la kiti mpaka mguu ukanyooka wote. Kumbe miaka yote alikuwa amekaa chini mno, magoti yakifanya kazi ya mapaja. Kisha akalaza ubao mwembamba juu ya kiti, akaweka gololi juu ya ubao. Gololi ikabingirika mbele. Akalegeza nati, akainua pua ya kiti kidogo, akajaribu tena, mpaka gololi ikatulia. Alisema siku za mwanzo kitauma kama kiatu kipya, lakini kitauma kwenye mifupa tu, na mifupa huzoea. Akampa akitumie kwanza, akikikataa akirudishe.

Jumatatu ilipofika, shule zikiwa hazijafunguliwa bado, kijana wa pikipiki alikuja kama alivyoambiwa, nywele zimelowa, usingizi umemjaa. Baba akamwomba asubiri. Shangazi alikuwa ameshaondoka na kreti zote. Tukasimama getini, baba, mama, mimi, na kijana aliyeegemea pikipiki yake anasinzia. Jua lilipanda. Baba akawa anajifanya anafagia.

Tulisikia kengele kabla ya kumwona. Alikuja anateremka na kreti tupu zinagongana, akapiga breki mbele yetu, akashuka, akaanza kusimulia hapo hapo kwamba mwalimu mstaafu amepata mjukuu wa kike, na fundi cherehani ameshona suruali ya bwana harusi fupi, anatafuta pa kujificha. Alisimulia weee. Baba alishindwa kuvumilia.

"Dada, kiti vipi?"

"Kiti kipi?" alisema shangazi.

Baba aliweka ufagio chini. Kijana alipewa mkate wa moto, akashukuru kuliko mtu aliyepewa kazi, akarudi kulala. Aproni ilibaki kwenye msumari wake. Siku hizi mama huitumia kufutia rula.

Hadithi ingeishia hapo, nyumbani wote waliona imeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na dirisha langu. Kesho yake niliposikia kengele nilikimbia, nikajishikiza kwenye kizingiti, na shangazi akapita. Amesimama. Kreti nyuma, shingo juu, vile vile. Nikaenda kumripoti kwa baba. Baba akasema ni mazoea, mtu hawezi kuacha ghafla. Nikamuuliza Spoku. Akasema mbele ya nyumba yetu kuna kimlima, na mlima hupandwa kwa kusimama. Mama akasema nimwache shangazi wa watu. Shangazi mwenyewe alisema, "Chai, Utosi."

Miaka ikapita. Nikarefuka, kizingiti cha dirisha kikashuka kutoka puani hadi kifuani, na sikumbuki ni lini hasa nilimwona kwa mara ya kwanza akipita amekaa, ametulia, anapiga kengele kwa kidole kimoja. Nilidhani wameichonga barabara, kimlima kimesawazishwa.

Mwaka huu nimeanza sekondari, na shule ni mbali, kwa hiyo baba amenipatia baiskeli. Spoku hakutaka hata kusikia nimechagua kiti gani. Alisema, mkapimane, mniletee namba. Basi wiki iliyopita nilikuwa mimi niliyekaa juu ya trei, mgongo wima, kinyunga baridi kikipenya kitambaa, na shangazi amepiga goti pembeni, rula tayari mkononi. Aliniambia nikae vizuri, nisicheke, nitaharibu mashimo. Katika kutafuta cha kuniondolea kicheko nikalikumbuka swali langu la zamani, nikamuuliza tena. Nilimwambia nataka jibu, chai sina.

Shangazi aliishusha rula. Alisema kiti cha babu kilimuuma kweli, lakini maumivu yale alikuwa akiyala njia nzima amekaa. Aliposimama, alisimama mahali pamoja tu.

"Dirisha lenu lilikuwa juu, na wewe ulikuwa mfupi," alisema. "Nikikaa, nilikuwa naona utosi. Nikisimama, naona macho."